Ukoo wa Kobe 🎤 Nyimbo za Jumamosi

Da Rehema 19:02
Habari za jioni wote. Karaoke ya mkwe wetu kutimiza miaka 60 ni Jumamosi hii, Sannomiya, saa 11 jioni mpaka saa 1 usiku. Tuko 12. Dakika 120, na wimbo mmoja pamoja na kupokezana maiki ni kama dakika 5. Kwa hiyo nyimbo 24, kila mtu mbili. Nataka majina leo. Sitaki siku yenyewe mtu ainamie denmoku, ile tableti ya kuchagulia nyimbo, dakika nzima anatafuta huku wakwe wanakunywa chai kimya.

Da Rehema 19:03
Simu ya ukutani italia dakika 10 kabla. Ikishalia haiwekwi nyingine ila ya kufungia.

Musa 19:10
Mimi Pretender 🔥

Zuhura 19:13
Musa, ule wa 2019 unapanda juu kwenye kiitikio na haukupi pa kupumua. Sauti yako nzito. Ukishusha kii (kimo cha muziki) hatua 2, kiitikio kinakukaba. Ukishusha 5, beti zinazama hatukusikii. Chukua Cherry ya Spitz, 1996, shusha 2 au 3. Kila Mjapani wa rika lolote mle chumbani ataitikia.

Musa 19:14
Kwani Himeji niliimba nini?

Baraka 19:14
Himeji tuiache.

Musa 19:15
Tuiache na elfu 3 yangu ya chumba? Mpaka leo sijaiona.

Da Rehema 19:16
Musa. Nyimbo.

Da Rehema 19:40
Mmesoma watu 9. Waliojibu wawili.

Hamisi 19:58
Wekeni enka nyingi tu, zile nyimbo za Kijapani za kizamani, wazee wa kule ndio zao

Baraka 20:04
Hapana kaka. Baba mkwe kazaliwa 1966. Enka ilikuwa ya wazazi wake. Wimbo unaomkaa mtu ni ule aliousikia akiwa na miaka 13 mpaka 20, hesabu mwenyewe: 1979 hadi 1986. Itoshi no Ellie ya Southern All Stars ni 1979. Akai Sweet Pea ya Matsuda Seiko ni 1982. Kanpai ya Nagabuchi ni 1980, na maneno yake ni ya kumtakia mtu heri, nao haupandi sana. Huo naimba mimi.

Zuhura 20:07
Na enka siyo nyepesi jamani. Tsugaru Kaikyō Fuyugeshiki inataka kobushi, ile ya kuviringisha sauti ndani ya silabi moja, kama mwimbaji wa taarabu anavyolivuta neno. Ukiimba noti kavukavu unabaki unasoma tu. Jero, Mmarekani mweusi aliyetoka na enka 2008, alizisikia kwa bibi yake Mjapani tangu mdogo. Haiokotwi kwa wiki.

Zuhura 20:08
Mimi nachukua Akai Sweet Pea. Polepole, na kanji zote, zile herufi ngumu za Kichina, zitakuwa na kana, herufi za silabi, juu yake kwenye skrini.

Da Rehema 20:10
Wasiosoma kana haraka je?

Zuhura 20:17
Waandike kwa herufi zetu nyumbani, wapige mapigo kwa kidole. Vokali tunazo sawa, a e i o u, hapo tumebarikiwa. Tunapoharibu ni patatu. Kwanza, tunakaza silabi ya pili kutoka mwisho kama Kiswahili. Usikaze popote, kila kana inapata pigo lake sawa. Pili, vokali ndefu ni mapigo mawili, kama "kaa" na "taa". Obasan ni shangazi, obaasan ni bibi. Ukimkatia bibi pigo umemfanya shangazi. Tatu, "n" ya mwisho inasimama peke yake, kama "m" ya "mtu" au "n" ya "nchi". Usiimeze, wimbo utakuacha. Na tsu ndogo, ile kana っ, ni pigo la kunyamaza: funga koo, subiri, endelea.

Musa 20:19
Bibi akigeuka shangazi si atafurahi 😂

Hamisi 20:19
😂😂😂

Da Rehema 20:20
Tuna nyimbo tatu mpaka sasa. TATU.

Baraka 20:24
Tahadhari ya mashine. Andika jina kwa kana, halafu SOMA JINA LA MWIMBAJI kabla ya kutuma. Ukiandika Sakura zinakuja nyingi: Moriyama Naotarō 2003, Kobukuro 2005, Ketsumeishi 2005, Ikimonogakari 2006. Ya Ketsumeishi ina rapu. Mtu kasimama na maiki akisubiri piano, anakutana na rapu, basi.

Musa 20:29
Sasa nisikilizeni mimi kwenye mitambo. Nikifika kabla yenu nitaweka hivi: muziki chini kidogo ya maiki, mwangwi nusu. Mwangwi mwingi unamficha anayekosea lakini unafuta maneno, na wakwe wanataka kusikia maneno. Msishike kichwa cha maiki kwa kiganja wala msiielekeze kwenye spika, ndipo ule mlio unapotoboa masikio. Alama nitazima. Kila wimbo ukiisha skrini inakaa inahesabu, tunapoteza muda, halafu bibi wa watu anapewa 71 mbele ya wajukuu.

Musa 20:31
Kii wekeni KABLA ya kutuma. Mwanamume akiimba wimbo wa mwanamke aanze na -4, mwanamke wa mwanamume +4, kisha asogeze moja moja. Na usiamini sifuri. Baadhi ya nyimbo zimewekwa kwenye mashine kwa kii tofauti na ya rekodi. Ijaribu siku nyingine, uiandike kwenye simu.

Da Rehema 20:33
Asante Musa. Hivyo ndivyo.

Mwanaidi 20:41
Samahani nilikuwa kazini. Mimi Nada Sōsō, nimeshaushika wote

Zuhura 20:42
Mzuri sana! Wa Natsukawa Rimi, 2001. Taratibu, pumzi zinajipanga zenyewe.

Da Rehema 20:43
Mwanaidi ✅. Tena ufungue wewe, sauti yako inatuliza.

Musa 20:44
Mjomba je? Mjomba aimbe Furusato

Zuhura 20:46
Wa 1914, wa shuleni, noti chache. Ila aelewe "usagi oishi" mwanzoni ni kumkimbiza sungura. Siyo "oishii", sungura mtamu. Hata watoto wa Kijapani hukosea hapo.

Musa 20:46
Kwa hiyo sungura haliwi?

Hamisi 20:47
Analiwa na pilau

Musa 20:47
😂😂 mchuzi wa nazi

Da Rehema 20:48
Jamani chumba nathibitisha kesho saa 4 asubuhi!!

Mjomba Athumani 21:15
Assalaam aleikum wanangu. Nimesoma yote. Wimbo anaoutaka Mwanaidi, maneno yake Moriyama Ryōko aliyaandika kwa ajili ya kaka yake aliyefariki. Mama yake mkwe wetu alimzika kaka yake mwezi wa tano, na Jumamosi atakaa kiti cha mbele. Ninyi mnasikia sauti nzuri, yeye ataelewa kila neno. Usiimbwe. Na wa kufungua si mgeni. Mpeni mkwe denmoku kwa mikono miwili, achague yeye.

Baraka 21:22
Wa aleikum salaam Mjomba. Shikamoo. Tumesikia.

Mwanaidi 21:25
Shikamoo Mjomba. Sikujua. Nautoa.

Mjomba Athumani 21:26
Marahaba. Hujakosa, mwanangu. Tafuta mwingine.

Da Rehema 21:40
Mwanaidi, Sekai ni Hitotsu Dake no Hana, 2003. Mnaimba chumba kizima, hakuna atakayekuwa peke yake.

Da Rehema 21:52
Mjomba, na ule wa kufungia? Nilipanga Ue o Muite Arukō ya Sakamoto Kyū, 1961, bibi alikuwa msichana. Lakini nao ni wa mtu anayetazama juu machozi yasianguke. Tuuache au?

Zuhura 21:55
Mimi naona huo ni mwingine. Bibi mwenyewe huuimba jikoni. Ule mluzi wake tu, apigaye ageuze mdomo pembeni ya maiki, upepo usigonge.

Da Rehema 22:20
Mjomba amesoma. Hajajibu.

Baraka 22:24
Nitamuuliza mke wangu asubuhi, ndiye anayemjua bibi yake.

Da Rehema 22:26
Kabla ya saa 4. Ambao hamjasema: sita. Nawajua kwa majina.

Musa 22:30
Cherry sawa. Na elfu 3 nakatia kwenye mchango wa chumba.

Hamisi 22:51
Na mimi niwekeeni Sakura

Baraka 22:52
Ipi?