Binti yangu anaganda siku ya mashindano

MamaKisasa: Habari wadau. Binti yangu ana miaka 13, tupo Kisasa, Dodoma. Mazoezini anaogelea mita 100 mtindo huru vizuri kabisa, hata asubuhi za Julai na ule upepo wetu. Tukienda kushindana Dar, tumbo linamvuruga, halali. Majuzi aligoma kupanda jukwaa la kurukia. Baba yake anasema nimlazimishe. Roho yangu inakataa.

KochaMstaafu: Usimlazimishe, dada. Mpe kazi ya kufanya majini. Olimpiki ya Beijing 2008, mita 200 mtindo wa kipepeo, miwani ya muogeleaji wa Marekani Michael Phelps ilijaa maji, ukuta haoni. Akahesabu mipigo ya mikono hadi mwisho, akashinda na kuweka rekodi ya dunia. Hesabu ile aliijua kutokana na mazoezi. Binti naye aanze kuhesabu yake sasa, huko huko bwawani Dodoma.

Mdogo_wa_Udom: Shikamoo mama. Phelps huyo huyo amesema wazi aliugua sonona. Kama binti halali hata siku zisizo na mashindano, mpeleke kwa mtaalamu wa afya ya akili, usingoje.

MamaKisasa: Marahaba mwanangu. Baba yake nitamsomea haya leo jioni.