Shirika la ndege likipata hasara kila mwaka, Serikali iendelee kulibeba?

MamaDagaa_Kibirizi

Habari zenu wadau. Juzi pale mwaloni Kigoma tumebishana mpaka dagaa wakasahauliwa kugeuzwa juani. Mwenzetu mmoja alisoma kwenye simu kwamba kwa ripoti ya CAG, yule mkaguzi mkuu wa hesabu za Serikali, ATCL, yaani Air Tanzania yetu, ilipata hasara ya shilingi bilioni 91.8 mwaka wa fedha 2023/24, na mwaka wa nyuma yake ilikuwa bilioni 56.6. Nikajaribu kuipiga hesabu kwa magunia, nikashindwa. Swali langu: Serikali iendelee kuliongezea hela, au ifike mahali iseme basi?

Msikimbilie kuniambia liuzwe. Nilimpeleka mama Dar kutibiwa nyonga. Treni asingeweza, basi ndiyo kabisa. Tukapanda ndege ya Bombadia, saa mbili na kidogo tuko Dar, mama ananiuliza kama mto Malagarasi tumeshavuka. Nauli yetu wawili, kwenda na kurudi, ilimeza magunia matatu ya dagaa. Kwa hiyo na mimi nimo katika wanaokula hiyo hasara, sijifichi.

Ila nina mdogo wangu mvuvi. Mwaka 2024 ziwa Tanganyika lilipofungwa watu wasivue, 15 Mei mpaka 15 Agosti, nilimlisha yeye na wanawe miezi yote mitatu na sikumdai hata senti. Si yeye aliyelifunga. Ziwa likafunguliwa. Septemba akaja: dada, injini. Nikatoa. Desemba: dada, wavu. Nikatoa. Februari kaja tena na injini ile ile. Sasa hapo ndipo nilipokwama, kwake na kwa hao wa ndege.

Kijana_wa_Mwanga

Mama, mimi nasema liuzwe hata kama umekataza. Mtaani kwetu kuna shule watoto wanakaa chini, halafu tunachangia siti za watu wa semina. Angalia siku ukipanda: wewe na mama yako mlikuwa mnafuata matibabu, waliobaki wote wana mabegi ya laptopu na posho mfukoni. Anayetaka kuruka alipe bei yake.

Mzee_wa_Stesheni

Kijana wangu, tulishauza. Mwaka 2002 South African Airways walichukua asilimia 49, tukaambiwa sasa mambo yatakuwa mazuri. Mwaka 2006 Serikali ikazinunua tena hisa zile zile. Na hao waliokuja kutunyanyua, Desemba 2019 wakawekwa chini ya wasimamizi ili wasifilisike, na 2020 serikali yao ikawatafutia randi bilioni 10.5. Mganga hajigangi.

Mimi nimekula mshahara wa reli. Reli imefika hapa Kigoma 1914 na sijawahi kusikia mtu akiuliza stesheni yetu imeingiza faida kiasi gani. Barabara nayo ya kwenda Kasulu inamlipa nani? Mkoa uko pembeni ya nchi, lazima mtu aufikie. Hiyo ndiyo gharama ya kuwa na nchi kubwa.

Mhasibu_Gungu

Shikamoo mzee. Nakubali nusu. Dada, mfano wa mdogo wako umetufungulia mlango, ngoja niupitie.

Kuna hasara za ziwa kufungwa. Corona ilipokuja 2020, ndege zililala dunia nzima. Marekani ikatenga dola bilioni 25 za mishahara ya mashirika ya abiria, sharti wasipunguze watu mpaka mwisho wa Septemba. Muda ulipoisha, American na United wakawasimamisha zaidi ya watu 30,000, maana sharti lilikuwa na tarehe na tarehe imepita. Ujerumani wakawa wakali zaidi: mpango wa yuro bilioni 9 kwa Lufthansa, lakini serikali ichukue asilimia 20 ya hisa, na wenye hisa wasigawane gawio. Lufthansa ikamaliza kurudisha deni Novemba 2021, na kufika Septemba 2022 serikali ilikuwa imeuza hisa zake zote, tena kwa faida.

Hata ATCL ina sehemu yake ya ziwa kufungwa. Injini za Pratt & Whitney kwenye zile Airbus A220 zimelaza ndege za mashirika mengi, si yetu tu. Ndege ikilala, rubani bado anakula mshahara. Kodi ya kukodi ndege nayo ilitembea, kwa sababu mwaka ule wa hasara ndege zile hazikuwa mali ya ATCL, zilikuwa za Wakala wa Ndege za Serikali, shirika lilikodishiwa. Yaani Serikali ilidai hela ya kukodisha kwa mkono mmoja, ikatoa ruzuku kwa mkono wa pili, halafu sisi tukaonyeshwa jumla tu.

Halafu kuna hasara za Februari, zile za injini ile ile. Hizo hela peke yake haitibu. Majirani zetu Kenya Airways walibebwa miaka, 2024 wakashangilia faida ya shilingi bilioni 5.4 za kwao, na nusu ya kwanza ya 2025 wakarudi kwenye hasara.

MamaDagaa_Kibirizi

Asanteni. Mzee, shikamoo, umenigusa kwenye reli. Kijana, mabegi ya laptopu niliyaona kweli, nimecheka peke yangu hapa.

Nilipofika mimi ni hapa: safari ya Kigoma nilipie kodi yangu bila kinyongo, lakini iandikwe peke yake. Ndege ziruke mara ngapi kwa wiki, Serikali itoe shilingi ngapi, na siku ndege isipokuja, hela ikatwe. Isichanganywe kwenye beseni moja na safari za Mumbai na Guangzhou, ukaja kuambiwa Kigoma ndiyo inayokula.

Mdogo wangu nimemnunulia injini. Safari hii sikumpa hela mkononi, nilikwenda dukani mwenyewe, risiti ina jina langu. Alfajiri mtumbwi ukifika nakuwa nimeshasimama pale na daftari, nahesabu mabeseni. Amenuna wiki nzima, hanisalimii. Leo kaleta nane.