Mashindano ya kesi za biashara Malindi: alama zetu ziko wapi, na kwa nini hatuambiwi tulikosea nini?

Wadau, asalaam aleikum. Uzi huu nimeuzuia wiki tatu kwa sababu mwalimu wetu alitaka tumalize kwanza njia ya barua. Barua mbili tumewaandikia waandaaji. Ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa juzi kwa mstari mmoja: uamuzi wa majaji ni wa mwisho. Sasa naandika hapa, na nina hasira, naomba msiniambie nitulie kabla hamjasoma.

Kwa wasioyajua mashindano haya: timu ya wanafunzi, mara nyingi watu wanne, hupewa kurasa kadhaa zinazoeleza kampuni iliyokwama pahali, pamoja na majedwali ya hesabu zake. Hiyo ndiyo tunaiita kesi. Mnakaa nayo kwa muda uliopangwa, kisha mnasimama mbele ya majaji mkawaeleza kampuni ifanye nini, kwa pesa kiasi gani, na mambo yakienda kombo itajiokoa vipi. Kufundisha biashara kwa visa namna hii kulianza kushika mizizi Harvard kule Marekani miaka ya 1920, ili mwanafunzi azoee kuamua huku habari alizo nazo hazijatimia, kama anavyofanya mwenye duka kila asubuhi. Ni somo zuri. Mimi nimelipenda tangu muhula wa kwanza.

Sisi tunatoka Lamu. Ada ya kushiriki ni shilingi 6,000 kwa timu, tukachanga. Tukavuka na boti alfajiri hadi Mokowe, tukapanda basi, Hindi, Witu, Garsen, kila kizuizi cha polisi tunashuka na vitambulisho mkononi, hadi Malindi, zaidi ya kilomita 200. Ratiba tuliyotumiwa ilisema kesi itatolewa saa 12 jioni kwa timu zote na kila timu itakuwa na saa 24. Tumeingia ukumbini saa 12 kasorobo, tukakuta timu mbili zimekaa na kesi mezani, imeshapigiwa mistari ya kalamu. Nikamuuliza msimamizi. Akasema walitumiwa kwa baruapepe "mapema kidogo" kwa kuwa walikuwa tayari. Mapema kiasi gani? Hakunijibu, na mpaka leo hakuna aliyenijibu.

Hilo peke yake lingetosha kufunga mashindano na kuyaanza upya. Lakini si hilo lililoniumiza zaidi.

Kesi ilihusu kampuni ya kubuni inayotaka kununua samaki Lamu na kuwauzia hoteli za Nairobi. Tulipoisoma kichwa cha habari tulitazamana tukacheka kwa furaha, maana tulisema leo tumeulizwa kitu cha kwetu. Kisha tukafika kwenye jedwali la ukurasa wa tatu. Mwandishi wa kesi amechukua tani 24 za mwaka, akazigawa kwa 12, akaweka tani 2 Januari, tani 2 Februari, tani 2 kila mwezi hadi Desemba.

Wenzangu wa Lamu, Faza, Kiunga, hata nyinyi wa Malindi na Ngomeni, mnajua jedwali hilo ni uongo. Kusi, upepo wa kutoka kusini, likivuma, kuanzia kama Aprili hadi Septemba, bahari kuu inachafuka. Mwenye mashua ya tanga au injini ndogo hatoki nje ya mwamba wa matumbawe, anabaki kuvua ndani, kwenye mikono ya bahari na mikokoni. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, likiingia mwisho wa mwaka hadi Machi ndipo bahari inalainika na nguru wanaletwa pwani. Hata ndani ya mwezi mmoja kuna bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, na kuna maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, na mvuvi hapati sawa siku hizo. Kampuni ikitia saini na hoteli kwamba itapeleka tani 2 kila mwezi, Juni na Julai itazitoa wapi? Itavunja mkataba miezi minne ya kwanza ya kusi na itakufa.

Kwa hiyo tulilivunja jedwali. Usiku kucha tumekaa na kikokotoo tukaandika hesabu mbili, ya kaskazi na ya kusi. Tukashauri mkataba wa misimu miwili: kaskazi samaki wa bahari kuu, kusi kiasi kidogo pamoja na kaa wa mikokoni ambao hawahitaji mtu atoke nje ya mwamba. Tukaona barafu haimo kabisa kwenye gharama. Kesi imehesabu mafuta ya gari, imehesabu makreti, barafu hakuna. Kwa joto la kwetu, kilo 1 ya samaki inataka kilo 1 ya barafu kwa uchache, na barafu inayeyuka njiani lazima iongezwe. Tukaiingiza, na faida ya mwaka wa kwanza ikageuka hasara.

Halafu tukaingiza jambo ambalo naamini ndilo kiini cha biashara hiyo: deni. Mvuvi mwingi wa kwetu ana tajiri wake. Tajiri ndiye aliyemkopesha jarife, yaani wavu, ndiye aliyemtengenezea injini, ndiye anayemlisha nyumba yake kusi lote. Kaskazi likifika samaki ni wa tajiri kwa bei ya tajiri. Mnunuzi mgeni akija na nyongeza ya shilingi 20 kwa kilo hapati hata mkia, maana samaki wana mwenyewe kabla hawajavuliwa. Tulitenga pesa za kuwakomboa wavuvi wa kwanza kutoka kwenye madeni, wakilipa kidogo kidogo kwa kila mzigo. Tukaonyesha wazi kwamba kampuni itaanza kupata faida mwaka wa tatu, na tukaandika sababu zake zote.

Tulipewa dakika 12 za kueleza na 10 za maswali. Swali la kwanza la jaji: programu yenu ya simu iko wapi? Nikasema hatuna, kwa sababu tatizo la kampuni hii ni barafu na deni. Akaandika kitu, akanyamaza. Swali la pili: mwekezaji gani atawakubali na hasara ya mwaka wa kwanza? Nikaanza kumrudisha kwenye jedwali la barafu, akanikata, akasema muda.

Swali la tatu ndilo nashindwa kulisahau. Jaji mwingine, na huyu naamini aliuliza kwa nia njema, alitaka kujua mvuvi na tajiri wanaandikiana wapi hilo deni. Mwenzetu mmoja, binti wa nahodha, akasimama. Huyu amekua akiyaona hayo madeni sebuleni kwao. Akaanza kueleza kwa Kiswahili, kwa sababu maneno yake ni ya Kiswahili: tajiri, jarife, fungu la chombo, yaani sehemu ya mapato inayokwenda kwa mwenye chombo, na fungu la mabaharia. Hajafika sentensi ya tatu, mwenyekiti wa majaji akamzuia, akamwambia lugha ya hapa ni Kiingereza. Binti akasimama kimya, akaanza upya kwa Kiingereza, akatafuta neno la fungu la chombo, kengele ikalia.

Sheria za mashindano tulizotumiwa, ninazo hapa, hazina mstari hata mmoja unaotaja lugha. Katiba ya 2010, ibara ya 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Na huu ni mji wa Malindi! Mahakama Kuu ya mji huuhuu mwaka 2018 iliamuru wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa hasara ya ujenzi wa bandari. Mahakama ilipata muda wa kuwasikiliza wavuvi. Ukumbi wa hoteli ulishindwa kumpa binti wa mvuvi dakika mbili aeleze kitu ambacho jaji mwenyewe amekiuliza.

Timu iliyoshinda sina ugomvi nayo, ni vijana wenzetu na slaidi zao zilikuwa nzuri sana. Walibuni programu ya kumwonyesha mwenye hoteli mzigo wake umefika wapi. Lakini walitumia tani 2 kila mwezi kama zilivyo, na katika dakika 10 za maswali hakuna jaji aliyewauliza Julai watavua nini. Niliketi nyuma nikingoja swali hilo. Halikuja.

Ikiwa majaji hawajui kwamba jedwali lina kosa, na aliyeandika kesi hajui, basi anayeligundua anaadhibiwa kwa kulitaja. Ametumia dakika 4 kati ya 12 kueleza kosa, wenzake wametumia dakika hizo kupamba. Hapo mashindano yamemfundisha mwanafunzi nini? Anyamaze na jedwali.

Siku ya pili picha zilipotoka ndipo tukajua mmoja wa majaji watatu anafundisha chuo cha timu mojawapo iliyoingia fainali. Huenda alitoa alama kwa haki, siwezi kuapa kinyume. Lakini angejitoa, au angalau angesema mbele yetu sote.

Msiniambie ndivyo mashindano yalivyo duniani. Montreal, Kanada, kuna mashindano ya kesi ya wanafunzi wa shahada ya uzamili tangu 1981. Timu ni za watu wanne, wanafungiwa chumbani kwa muda wa saa 3 kuiandaa kesi, wote kwa wakati mmoja, na timu inakutana na kesi kadhaa dhidi ya wapinzani tofauti kabla ya kuondolewa. Sisi tumepewa mara moja, dakika 12, na basi la kurudi.

Na ile fomu tuliyosainishwa mlangoni, kipengele cha 9 kinasema mawazo yote yatakayotolewa ni mali ya mdhamini. Tulisaini tukiwa na mabegi mgongoni. Wanaokuja mwakani, isomeni kabla hamjashika kalamu. Kazi yetu ya usiku kucha wanayo, sisi hatuna hata karatasi ya alama.

Hatudai kombe. Kwenye barua ya pili tuliomba vitu vitatu tu: alama zetu kwa kila kigezo, maelezo ya jaji hata sentensi mbili, na saa halisi kila timu ilipotumiwa kesi. Baruapepe ina saa yake, haihitaji kikao. Wanafunzi waliolipa ada na kulala Malindi siku mbili kwa pesa za wazazi wanastahili kujua walipungukiwa wapi, iwe ni hesabu, iwe ni kuongea, iwe ni slaidi. Mwenzetu binti amesema harudi tena jukwaani. Nimembembeleza, dadangu usiache, ananiambia nimweleze alikosea nini, nami sina cha kumwambia.

Barua ya tatu inaondoka Jumatatu, safari hii mwalimu mkuu wa chuo ameikubali na atatia muhuri. Wakijibu nitaiweka hapa neno kwa neno. Na kama kuna aliyewahi kupewa karatasi ya alama katika mashindano yoyote ya kesi hapa Pwani, tafadhali aweke picha yake, afunike majina, tuiambatanishe.