Nampeleka babangu fundi wa nakshi Cape Town, hii Zeitz MOCAA itamfaa kweli?

Binti_Kibokoni

Salaam aleikum nyote. Mwezi ujao inshallah naenda Cape Town kikazi na babangu nakwenda naye. Kazi ikiisha tutakuwa na siku moja yetu wenyewe, na ofisini kila mtu ananambia mlima, mlima, lakini mzee mambo ya kuning'inia kwenye waya hataki hata kuyasikia. Mimi roho yangu iko Zeitz MOCAA, ile makumbusho ya sanaa iko pale bandarini V&A Waterfront.

Shaka yangu ni moja. Mzee umri wake wote amechonga milango na masanduku hapa Mji wa Kale, kwake kazi ni ile ukipitisha kidole hakikwami na mstari haujapinda toka juu hadi chini. Nikimwonyesha sanaa za kisasa kwenye simu aniuliza "hii imekwisha ama bado yatengenezwa?", na hasemi kwa kejeli, ataka kujua kweli. Sasa sitaki azungushwe vyumba siku nzima anifurahishe mimi tu na moyoni amechoka. Kuna alokwenda na mtu mzima wa umri huo? Kiingilio je, na chakula cha halali karibu?

baharia_kilindini

Waleikum salaam dadangu. Mpeleke, tena usianze na picha, anza na jengo lenyewe maana hapo ndipo fundi atasimama. Lile lilikuwa ghala la nafaka la bandari, la miaka ya 1920, mahindi yanatoka bara kwa treni yanamwagwa mle halafu yanapakiwa melini, yaani kazi ile ile ya haya maghala marefu unayoyaona hapa Kilindini ukipita. Likaja likaachwa tupu miaka, mwisho wakampa Thomas Heatherwick wa Uingereza aligeuze makumbusho, likafunguliwa Septemba 2017.

Sasa sikiza walivofanya. Ndani kulikuwa na mapipa ya zege yamesimama wima yamebanana, 42, hayana sakafu hayana dirisha. Wakachukua punje moja ya mahindi, wakaipiga picha ya kompyuta, wakaikuza ikawa na ukubwa wa ghorofa kadhaa, na umbo hilo ndilo wakalichonga katikati ya mapipa. Ukiingia unasimama ndani ya tundu la hiyo punje, juu yako mapipa yamekatwa kwa mviringo, mwanga unashuka kupitia vioo vya kwenye paa. Mwambie mzee asogee karibu pale zege lilipokatwa, wamelisugua mpaka linang'ara na kokoto za ndani zinaonekana moja moja, nyeusi, kijivu, nyengine kama kahawia, na ukigeuka kando ya hapo pipa limeachwa na ukavu wake wa zamani. Kabla ya kukata ilibidi wamimine zege jipya ndani ya mapipa ya zamani yapate nguvu, bila hivo yangebomoka. Fundi akisikia hilo ataanza kuuliza maswali mwenyewe, wallahi hutamtoa pale upesi.

Kuhusu kuchoka usiwe na wasi, kuna lifti, nazo ni za duara zinapita ndani ya mapipa hayo hayo. Kwa kiingilio, ilipofunguliwa waliweka Jumatano asubuhi bure kwa raia wa nchi za Afrika, chungulia tovuti yao kabla hamjapanga siku. Visa Mkenya hahitaji tangu Januari 2023, ila kadi ya homa ya manjano usiiache nyumbani hata kwa bahati mbaya.

Mzee_wa_Makadara

Mwanangu, mimi nitasema tofauti na usinichukie. Siku moja tu mnayo, na babako ni mtu wa dini na wa kazi za mikono, kwa nini umpeleke kutazama mali ya tajiri mmoja? Maana makumbusho yale yalianza na mkusanyo wa Mjerumani, Jochen Zeitz, aliyekuwa mkuu wa Puma, ile kampuni ya viatu vya michezo, na wenyewe Afrika Kusini walilizungumza sana hilo, kwamba sanaa ya Afrika mkusanyaji na mchoraji wa jengo wote wametoka Ulaya. Na kuligeuza jengo zikatumika kama randi milioni 500. Mimi ningempeleka Bo-Kaap, mtaa wa zamani wa Waislamu, si mbali na hapo bandarini, mkaswali Msikiti wa Auwal ambao ni wa mwaka 1794, wa kwanza nchi ile. Watu wa mtaa ule babu zao waliletwa watumwa na wafungwa kutoka upande wa Indonesia, Malay na India, wakashika dini yao. Na chakula cha halali huko hutafuti. Mtu wa Mombasa akifika pale haoni ugeni.

rangi_za_Kisauni

Shikamoo mzee wa Makadara. Bo-Kaap waende, naam, tena mchana wakale huko, lakini hili la mali ya tajiri mmoja naomba nilijibu kwa sababu naumia nikilisikia. Mkusanyo ulianza kwake kweli, ila tangu 2019 nyumba ile iliongozwa na Koyo Kouoh, mama wa Cameroon, na ndiye aliyeifanya iwe ya Waafrika wenyewe. Maonyesho yale ya When We See Us, 2022, yalikuwa karne nzima ya watu weusi wakijichora wenyewe, wamepumzika, wamecheza, wamesali, hakuna vita wala njaa. Alifariki Mei 2025, na tayari alikuwa amechaguliwa kusimamia Biennale ya Venice ya 2026, yale maonyesho makubwa ya sanaa ya Italia, mwanamke wa kwanza wa Afrika kupewa kazi hiyo. Allah amrehemu, alitubeba wengi ambao hatujawahi hata kumwona.

Dada, kuhusu swali la mzee "imekwisha ama bado", hilo ndilo swali zuri kuliko yote na usimkataze kuuliza. Usimpe hotuba ya maana ya sanaa. Mwambie tu atazame imeshikanishwa vipi. Mkibahatika kukuta kazi ya El Anatsui wa Ghana, toka mbali utadhani kitambaa cha dhahabu kimetundikwa, ukisogea ni vifuniko vya chupa vilivyopondwa na kufungwa kwa waya wa shaba, kimoja kimoja, maelfu. Mwaka wa kufunguliwa Nicholas Hlobo alitundika ndege mkubwa mweusi kwenye ile punje ya mahindi, mpira wa tyubu za magari umeshonwa kwa utepe. Na wetu wapo, Wangechi Mutu mzaliwa wa Nairobi, Cyrus Kabiru na miwani yake ya vyuma chakavu, hakusomea popote. Mtu aliyejua kulaza patasi anaona mshono mbaya haraka kuliko mimi niliyesomea rangi. Na akisema kazi fulani ni mbovu, sikiza kwa nini, huenda ana haki.

Tena kabla hamjasafiri pitieni Fort Jesus mwende kwenye ile michoro ya mabaharia wa Kireno ya karne ya 17, wamechora meli kwa makaa na udongo mwekundu ukutani. Watu wa bandari wamechoka wanachora walichokiona. Mzee akiwa na hiyo kichwani hatoona Cape Town ni mambo ya ajabu.

Binti_Kibokoni

Asanteni sana, Mungu awalipe. Nimemsomea mzee yote jioni hii, pale pa zege kusuguliwa mpaka kokoto zikaonekana akanikatiza, aliuliza walisugua kwa mashine ya maji au kavu, na kona za ndani walifikia vipi. Basi nimejua tunakwenda. Mzee wa Makadara, shikamoo, Bo-Kaap tutaenda kwanza tuswali adhuhuri tule, bandarini alasiri.

baharia_kilindini

Geuza dada. Makumbusho asubuhi, miguu ikiwa na nguvu na watu wachache, halafu teksi mpaka Bo-Kaap adhuhuri, ni dakika chache. Na mchukulie mzee koti zito, upepo wa pale bandarini unakata hata jua likiwa kali. Hilo la mashine ya maji amuulize mlinzi au wale vijana wa kuongoza wageni.

Mzee_wa_Makadara

Marahaba nyote. Nisalimie babako, mwambie akirudi nataka kusikia alichosema juu ya hivyo vifuniko vya chupa.