Rimu za chuma kwenye Impreza WRX: nitaharibu gari au nitaokoa hela? (Arusha)

chalii_wa_moshono:
Wakuu habari za jioni. Nna Subaru Impreza WRX ya 2002, ile ya macho ya duara, ilikuja na spoti rimu za aloi za inchi 17 na tairi 215/45. Kwenye lami ya bypass gari ni raha tupu sina cha kulalamika. Shida ni nyumbani Moshono, ukiacha lami kuna kama kilomita mbili za mawe na makorongo, mvua ikinyesha ndo usiseme, unaingia kwenye dimbwi hujui kina chake mpaka usikie KOH.

Tangu mwezi wa tatu nimeshapasua rimu mbili. Ya kwanza ilipata ufa kwa ndani nikaichomelea, wiki tatu tu ufa ukarudi pembeni ya pale pale palipochomelewa, sa hivi upepo unaisha kila asubuhi natembea na pampu kwenye buti. Ya pili imemeguka mdomo kabisa, hiyo hata fundi aliicheka.

Mjomba angu yuko Moshi ananiambia achana na mapambo, tafuta rimu za chuma za Forester au hata za Noah, vaa endelea na maisha. Washkaji wa kijiweni Kijenge nao wanasema WRX kwenye rimu za chuma ni sawa na suti na yeboyebo. Mi naomba kujua kwa waliowahi kufanya, zinaingia kweli? Gari haitakuwa nzito? Na breki je?

tozi_wa_sakina:
Weka na wili kapu za plastiki kabisa mkuu, afu chora mstari ubavuni tukupigie simu utupeleke Kilombero sokoni 😂😂

BOKSA4:
Tozi acha utani mtu ana shida. Mkuu, chuma sio dhambi. Porsche 911 za mwanzo zilitoka kiwandani na rimu za chuma, Golf GTI ya 1976 hivyo hivyo, na hakuna aliyeziita teksi.

Ila mi naona unailaumu aloi bure. Kinachokuulia rimu ni hiyo 45. Piga hesabu mwenyewe, 45 maana yake ubavu wa tairi ni asilimia 45 ya 215, yaani kama milimita 97 tu za mpira halafu unakutana na rimu. Sasa chukua 205/60 ya rimu 15, ubavu unakuwa milimita 123. Kipenyo cha tairi zima ni karibu kile kile, 625 kwa 627, kwa hiyo gari haipandi wala haishuki, lakini umeweka sentimita mbili na nusu za mpira zaidi kati ya jiwe la Moshono na rimu yako. Ndo maana hata magari ya rally ya ubingwa wa dunia (WRC) yakiingia kwenye vumbi yanavaa inchi 15 na kwenye lami yanavaa 18, angalia Safari Rally Naivasha, na zile sio rimu za chuma kama za Noah. Wangetaka chuma wangevaa chuma.

Faida ya chuma ni moja kubwa: ukiigonga inapinda, aloi iliyomiminwa kwenye kalibu inapasuka. Iliyopinda unaigonga nyundo unafika nyumbani, iliyopasuka unabaki hapo na jeki yako unaangaliana na mbuzi.

Kuhusu kuingia, hapo mjomba kakupoteza kidogo. Noah ni tundu tano za nati kwenye duara la milimita 114.3, Impreza yako ya 2002 ni tano za 100, haziingii hata ulie. Na kuna mtego mwingine, utakutana na muuzaji wa mtumba atakwambia hizi za Premio, Allion au Wish ni 5x100 chukua hizi. Ni kweli ni 5x100 lakini tundu la katikati la Toyota hizo ni 54.1 na habu ya Subaru (kile kitovu kinachoingia humo) ni 56.1, milimita mbili zinakosekana, rimu haikai. Tafuta za Forester za zamani au Impreza ya kawaida, hizo zinakaa kama ndugu.

Halafu breki. Kabla hujatoa hata shilingi vua tairi ya mbele uangalie kalipa, ile inayobana diski ya breki. Kama ni za pistoni mbili, 15 ya chuma inaingia. Ukikuta pistoni nne usitegemee 15, tafuta 16. Ukikuta zile kalipa kubwa za Brembo funga hii mada, baki na 17.

fundi_kijana_UngaLtd:
Hizo za Premio si unapeleka kwa mkerezaji anatanua tundu dakika kumi kazi imeisha? Nimeshafanya nyingi tu

BOKSA4:
Kama mkerezaji anaifunga rimu vizuri kwenye mashine na tundu linabaki katikati, sawa. Nilizoziona mimi nyingi zimetanuliwa na msasa wa umeme kwa macho, ukifika 80 usukani unacheza singeli. Za Forester zipo, kwa nini ajitese.

Mangi wa Kiboriloni:
Vijana mmeongea vizuri ila mmesahau nati na nati ndizo zitamtoa mtu roho.

Mimi nna Impreza pia, ya zamani kuliko hiyo. Mwaka juzi nilitoka kubadilisha tairi kwa fundi mmoja, jina simtaji ana watoto wanasoma, nati mbili zilikuwa zimepotea akaniwekea za Toyota. Nati za Toyota uzi wake ni 12 kwa 1.5 na za Subaru ni 12 kwa 1.25, kwa macho zinafanana kama mapacha. Ile inaingia nyuzi mbili tatu kisha inakuwa ngumu, yeye akaona ugumu ndio kukaza, akaweka bomba refu kwenye spana akamalizia na mguu. Mimi huyo naelekea Himo. Nafika karibu na njia panda nasikia kokoko kokoko nyuma kulia, nikadhani bushi, nikaongeza redio. Namshukuru Mungu nilisimama kununua ndizi maana nilipozunguka kuangalia stadi mbili (bolti zinazoshika tairi) zilikuwa zimekatika na ya tatu nati inazunguka kwa kidole.

Kwa hiyo chalii, nati zako za sasa zitakaa kwenye za chuma kama ni zile za kiwandani za koni, ila uziingize kwa MKONO mpaka mwisho ndipo spana ifuate. Ikigoma mkononi hiyo sio nati yako. Na kama rimu zimepakwa rangi mpya kwangua rangi yote pale nati inapokalia, rangi inasagika nati inalegea. Endesha siku moja mbili urudie kukaza. Jingine, masika matope yanaganda ndani ya rimu ya chuma na usukani unatetemeka, watu wanakimbilia kufanya balansi kumbe ni tope la Kibosho, mwagia maji kwanza.

dada_wa_boxer:
Mi naomba nipingane na wote kidogo. Nimeendesha WRX kama hiyo miaka minne Njiro na Usa River kwenda kurudi kila siku, na sikuenda chuma. Nilishuka tu toka 17 kwenda aloi za 16 na 205/55. Ubavu unakuwa kama 113, sio nyingi kama ya 15 lakini toka siku hiyo sijapasua hata moja. Chuma nilijaribu wiki moja zilikuwa za mshkaji, kwenye kona gari nilikuwa naihisi inachelewa, inalala kwanza ndo inafuata. Najua mtasema ni tairi nene sio rimu, sawa, lakini ndio bei ya kwenda 15 na aambiwe mapema.

Pia mtumba wa chuma una kutu pale tairi inapokalia, upepo unatoka taratibu hujui unapotokea. Usinunue rimu iliyovalishwa tairi tayari, mwambie avue uone ndani.

Na kaka hiyo ya kuchomelea usiendeshe nayo tena hata kama ufa hauonekani. Ule moto unalainisha aloi pembeni ya kidonda, ndo maana ufa umerudi pembeni yake.

chalii_wa_moshono:
Daah ahsanteni sana. Mzee wa Kiboriloni shikamoo, hiyo ya ndizi imeniogopesha nimeenda kuhesabu nati usiku huu na tochi ya simu 😅. Dada nimekuelewa, ila 16 za aloi nilizoziona mjini bei yake ni kama nanunua gari jingine, na mi kona zangu nyingi ni za kukwepa mashimo.

Swali dogo, tairi za 205/60R15 naona hazipatikani kirahisi, kila duka wananipa 195/65R15. Nikichukua hizo? Na naweza kununua mbili kwanza nizivae mbele, mwisho wa mwezi nyuma?

BOKSA4:
195/65 inafaa, kipenyo 634, ni kubwa kwa kama asilimia moja na nusu. Pale Usa River ukiwa unasoma 50 mwendo wako wa kweli hata 51 haufiki, ukipigwa tochi usitusingizie sisi.

Mbili mbili HAPANA. Hiyo gari inavuta miguu yote minne muda wote, ukiweka mbele kipenyo kingine na nyuma kingine difu ya katikati, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma, inazunguka kila sekunde bila kupumzika, inachemka na kufa. Bei yake utalia. Nne kwa mpigo, saizi moja, aina moja, na spea ukiweza. Kama hela haijatimia subiri hata mwezi, panda daladala.

Mangi wa Kiboriloni:
Marahaba kijana. Sikiliza huyo boksa.

chalii_wa_moshono:
Mrejesho wakuu. Jumamosi nimemfuata jirani mwenye Forester nikamwomba tairi yake moja ya 15 tujaribishie kabla sijanunua. Kalipa zangu ni pistoni mbili, imeingia, nimeizungusha kwa mkono haigusi popote, kidole kinapita kati ya kalipa na rimu kwa kubana. Tukashusha gari nikakata usukani mwisho kulia mwisho kushoto, safi.

Nikaenda kwa wauza mtumba, nimevulisha rimu tano kupata nne. Moja kwa nje ilikuwa nzuri kuliko zote, imepigwa rangi inang'aa, ndani ina risasi za balansi (vile vipande vya uzito) zimepangwa kama shanga za Kimasai. Muuzaji akasema "hiyo ndo imebalansiwa vizuri mdogo wangu". Nikacheka nikairudisha, tulipoizungusha kwenye mashine ilikuwa inayumba kama imelewa mbege.

Udadisi ukanishika nikapima uzito kwenye mzani wa viazi. Ya chuma kilo 8 na ushee, aloi yangu ya 17 ikatoa karibu 9. Washkaji wa Kijenge wamekosa la kusema kwa hiyo wamehamia kwenye rangi, wanataka nipake nyeusi. Nimekwangua kutu, nimepaka nyeusi isiyong'aa, pale pa nati nimeacha chuma kitupu kama mzee alivyosema.

Barabara ya nyumbani naipita gia ya pili sasa, zamani nilikuwa naitambaa na ya kwanza mlango wazi naangalia chini. Ila dada ulisema kweli, ile kona ya kuingia bypass gari inalala kwanza.

dada_wa_boxer:
😊 Jaribu kuongeza upepo kidogo mbele, usizidishe. Na kaza nati tena Jumatatu.

tozi_wa_sakina:
Aisee hizo aloi mbili nzima zilizobaki unauza?

chalii_wa_moshono:
Siuzi mzee, nazitafutia wenzake wawili, nataka kuzivaa Disemba nikishuka Dar.