Kikundi cha ukoo: tumbo baada ya harusi

Shangazi Mwanajuma: Assalaam aleikum jamaa. Nani mwengine ameamka na tumbo? Huku Kibokoni watoto wote wanatapika tangu alfajiri.

Bakari: Waaleikum salaam. Mimi usiku mzima nimelinda mlango wa choo.

Mjomba Swaleh: N'lisema mimi! Biriani ile ilikaa sufuriani tangu adhuhuri. Yule mpishi arudishe pesa.

Khalti Rukia: Wee Swaleh, mimi biriani sikuigusa. Nilikula mkate wa sinia na kaimati tu, na naendesha vile vile.

Fatma: Khalti, hilo ulilosema ndilo. Halafu angalieni saa. Harusi Jumamosi usiku, nyinyi mmeanza kuanguka kuanzia jana Jumapili usiku. Chakula kilicholala mara nyingi hakingoji hivyo, saa chache kishakupiga. Mimi nashuku kirusi cha noro, ambacho huchukua saa 12 mpaka 48. Bila kupima siapi, lakini mwendo ni wake: kutapika ghafla, kuendesha, nyumba nzima pamoja.

Mjomba Swaleh: Noro tena? Juzi korona, leo noro. Mwayatoa wapi haya?

Fatma: Hiki cha zamani, Mjomba. Mwaka 1968 kiliangusha shule moja mji wa Norwalk, Ohio, Marekani, ndiko kilikopata jina. Kilionekana kwa hadubini mwaka 1972. Kukikuza maabara ndiko kulikowashinda wataalamu zaidi ya miaka 40, mpaka 2016 timu ya Mary Estes kule Houston ikafaulu kwa seli za utumbo wa binadamu.

Bakari: Hayo baadaye. Nani katuambukiza? Nataka jina 😂

Khalti Rukia: Si kuna mtoto alitapika pale nyuma, karibu na meza ya kaimati?

Shangazi Mwanajuma: Lakini palipanguswa saa ile ile! Na hakuna aliyemgusa mtoto ila mamake.

Fatma: Shangazi, hata kugusa si lazima. Mwaka 2010 timu ya wasichana ya mpira kutoka Oregon ilikwenda mashindanoni. Mmoja akaugua usiku, akatapikia bafuni. Mle bafuni kulikuwa na mfuko wa biskuti na vitafunio, yeye hakuushika kabisa. Kesho yake wenzake wakala vilivyokuwa ndani, nao wakaanza kuumwa mmoja mmoja, na yeye ashaondoka zake kwao. Mfuko ulipopimwa, kirusi kilikuwepo.

Bakari: Yaani tapishi lapaa??

Fatma: Lapaa. Waingereza walitengeneza hadi sanamu la kutapika, wakaliita Larry, likitapika maji yenye rangi inayong'aa ili waone yaishia wapi. Matone yalifika zaidi ya mita 3. Sasa niambieni, meza ya kaimati ilikuwa mbali kiasi gani?

Khalti Rukia: Hatua mbili 🙈

Bakari: Subhanallah. Na mimi nilirudia sahani.

Mjomba Swaleh: Hayo ya Wazungu na masanamu yao. Huku kwetu je?

Fatma: Kwetu pia. Kuna aina ya noro yaitwa GII.17, ilizua milipuko China 2014 na 2015. Kabla ya hapo watafiti wa Kenya walishaikuta kwenye maji ya mito yetu, makala yao yalitoka 2014.

Mjomba Swaleh: Haya. Mimi nina sanitaiza hapa, najipaka kila saa.

Fatma: Hiyo haikiwezi vizuri, Mjomba. Kirusi cha korona kina ganda la mafuta, spiriti ya sanitaiza hulivunja. Noro hakina. Nawa kwa sabuni na maji yanayotiririka, sekunde 20, usifanye haraka. Sakafu na kitasa cha choo vitiwe jiki, sabuni peke yake haitoshi. Chembe zisizofika 100 zatosha kukulaza, na mgonjwa atoa mabilioni kwa gramu moja ya choo.

Khalti Rukia: Chanjo ipo?

Fatma: Ya rota, kirusi kingine cha kuharisha watoto, ndiyo, watoto wetu wanapewa tangu 2014. Ya noro bado iko kwenye majaribio. Bibi yuaendeleaje?

Shangazi Mwanajuma: Amelala. Amekunywa soda kidogo.

Fatma: Soda muwacheni. Pakiti ya ORS, ile ya chumvi na sukari ya kurudisha maji mwilini, kwa kipimo cha maji kilichoandikwa juu yake, maji yaliyochemshwa yakapoa, apewe kidogo kidogo hata akitapika. Hakojoi, amelegea, au anahara maji meupe kama ya kuoshea mchele, msiniulize mimi, mpelekeni hospitali saa hiyo hiyo. Kipindupindu nacho kipo mjini.

Shangazi Mwanajuma: Sawa mwanangu. Tumbo langu lishaanza kutulia. Alhamisi nitapika pilau ya hitima kama kawaida.

Fatma: Hapana, Shangazi 🙏 Likishatulia kabisa, ngoja angalau siku mbili ndipo ushike chakula cha watu. Na kirusi chaweza kutoka mwilini hata wiki mbili baada ya kupona.

Shangazi Mwanajuma: Mikono hii imepika hitima zote za nyumba hii.

Khalti Rukia: Wifi, watu mia waje kumuombea marehemu warudi makwao wakiendesha?

Bakari: Saumu wa Likoni hakuja harusini, yu mzima. Apike yeye.

Shangazi Mwanajuma: Saumu?? Haya, na apike. Lakini masala nampimia mimi kwa simu, asije akatupikia wali wa manjano.