Ushauri: Riwaya ya safari za wakati imewagawa wasomaji wenzangu, na mimi ndiye mwongoza mjadala

Kurasa_za_Mwisho:
Habari zenu wakuu. Nina kikundi cha watu wazima tunaosoma kitabu kimoja kwa pamoja kisha tunakijadili. Safari hii kura iliangukia *The Man Who Folded Himself* ya David Gerrold, ya mwaka 1973. Waliokipendekeza walisema ni kifupi na kinahusu kusafiri katika wakati, basi. Hakuna aliyetaja mambo ya wakubwa yaliyomo.

Kwa msiokijua: kijana Daniel Eakins anarithi mkanda wa kiunoni kutoka kwa Mjomba Jim. Ukiuvaa unakwenda siku yoyote uitakayo. Anaanza na mbio za farasi, maana ana gazeti la kesho mkononi. Kisha anakutana na yeye mwenyewe aliyetoka mbele kidogo, wanazoeana, na hatimaye wanalala pamoja. Ndiyo, yeye na yeye.

Kikundi kimewaka moto. Mmoja kasema hii ni ngono iliyovalishwa koti la sayansi. Mwingine kasema hajawahi kusoma kitabu kinachoueleza upweke namna hii. Wa tatu kajitoa bila kuaga. Mjadala ni wiki ijayo na naombwa niuongoze. Tubadilishe kitabu, turuke kurasa hizo, au twende nazo hivyohivyo? Nitawazuiaje watu wasichafuane?

Mchambuzi_Mpole:
Nimewahi siti ya mbele. Uzi huu hautaisha salama.

BibiMaktaba:
Mwanangu, usibadilishe kitabu. Nitakueleza kwa nini, na utanisamehe nikienda mbali kidogo.

Hadithi nyingi za safari za wakati zinaogopa kitu kimoja: usijikute umekutana na nafsi yako, dunia itapasuka. Gerrold kaiondoa hofu hiyo mapema. Katika kitabu chake, kila ukibadilisha jambo unazaa mkondo mpya wa dunia, na ule wa zamani unabaki kwenye kumbukumbu yako peke yako. Hakuna kinachopasuka. Ukishinda pesa nyingi mno kwenye farasi ukajiletea balaa, unarudi kujionya uchukue kidogo.

Sasa jiulize, mtu mwenye uwezo huo anaishi na nani? Kila rafiki anayempata yumo kwenye mkondo mmoja tu, na yeye kesho ataufuta. Anayekumbuka alichokumbuka ni yeye mwenyewe tu. Ndiyo maana anaishia mikononi mwake mwenyewe. Kitanda kile kimetokana na kanuni za mkanda. Ukikiruka, huwezi kueleza kwa nini baadaye nyumba yake inajaa akina Dan wa kila umri wakisherehekea pamoja, wala kwa nini sherehe ile inatia huzuni.

Kwa hiyo swali la kuwapa wenzako ni hili: tukiondoa ukurasa huu, kanuni ya safari inabaki imesimama au inaanguka? Kuna kurasa ambazo kweli zikiondolewa hakuna kinachoanguka. Hizo waache wazilaumu, wana haki.

Sindano_Bila_Uzi:
Bibi, shikamoo, lakini hapana. Mimi nimekimaliza na naona mnampamba. Huyu ni kijana aliyepewa historia yote ya binadamu, akatumia muda mwingi kujitazama kwenye kioo. Wanawake wako wapi? Anakuja mmoja, Diane, naye ukichungulia ni yeye yuleyule, ila katokea mkondo ambao alizaliwa wa kike. Yaani hata mapenzi na mwanamke lazima yawe mapenzi na nafsi yake. Upweke gani huo? Huo ni ubinafsi.

BibiMaktaba:
Marahaba. Hilo la Diane sikupingi, na wala sioni kwamba mwandishi analificha. Mwanzisha uzi, anzeni na hoja hii ya Sindano. Ina nguvu kuliko kelele za "matusi, matusi".

Yai_la_Mbuni:
Mnajua mwisho unavyokuja, kwamba Mjomba Jim ni

Mchambuzi_Mpole:
MKUU NYAMAZA. Wengine tunasoma sasa hivi.

Yai_la_Mbuni:
Kitabu kina zaidi ya miaka 50, kaka!

Kurasa_za_Mwisho:
Jamani taratibu. Bibi na Sindano, nawashukuru wote wawili. Niongeze kidogo: aliyejitoa hakulalamikia ngono kwa jumla. Alilalamikia kwamba ni wanaume wawili. Mwenzake akamjibu kwa ukali, "si wawili, ni mmoja." Hapo ndipo palipoharibika.

Mhariri_Mstaafu:
Basi hapo panahitaji historia kidogo, maana watu wanakisoma kama kimeandikwa jana. Desemba 1973, mwaka huohuo kitabu kilipotoka, ndipo chama cha madaktari wa akili cha Marekani, American Psychiatric Association, kiliamua kuuondoa ushoga kwenye orodha yake ya maradhi. Gerrold aliandika kabla ya hapo. Wasomaji wa hadithi za kisayansi walikuwa wakimjua kwa kipindi alichokiandika cha *Star Trek*, ule mfululizo wa televisheni, cha 1967 chenye vile viumbe vyenye manyoya vinavyozaana kupita kiasi, kichekesho kitupu. Halafu akaleta hiki. Kiliteuliwa kuwania Hugo na Nebula, tuzo kubwa za hadithi za kisayansi, zote mbili zikachukuliwa na *Rendezvous with Rama* ya Arthur C. Clarke, ambayo haina kitanda cha kubishania.

Historia hiyo haimlazimishi mtu akipende. Inasaidia tu kuonyesha kwamba Dan anapojiuliza maswali juu yake mwenyewe, alikuwa anayauliza mahali ambapo jibu rasmi lilikuwa "wewe ni mgonjwa". Anahangaika, anajitetea, anajikana, anarudi. Sehemu hizo nazikumbuka kuliko za kitandani.

Na kwa wanaosema ngono haina kazi kwenye safari za wakati: Robert Heinlein alishachapisha hadithi fupi mwaka 1959 ambamo mtu mmoja ni mama yake, baba yake na mtoto wake. Fundo la nasaba lilianza zamani. Gerrold kaacha tu mlango wa chumba wazi.

Neema_ya_Jioni:
Mimi ni mtu wa dini na nimekisoma chote. Kilichonikosesha usingizi hata hakijatajwa hapa. Kuna mahali anasimulia alivyotengeneza dunia ambamo Yesu hakuwepo, kisha karne ya 20 aliyoirudia ikawa ngeni kwake kabisa. Ni aya chache tu. Watu wanapigana kuhusu shuka, na hapo wamepita kimya! Kwenye kikundi chako ukimpata anayekuja na hasira za kitandani, muulize kwanza kama amepaona hapo. Utajua kama kasoma au kasimuliwa.

Sindano_Bila_Uzi:
Neema umenipiga. Nilipita kimya.

Fundi_Mijadala:
Nimeongoza vikundi vya aina hii, naomba niseme ya utekelezaji, maana nadharia imetosha.

Toa onyo leo, usingoje siku yenyewe. Andika waziwazi: kitabu kina ngono, ikiwemo ya wanaume, na ulevi wa kujipenda, anayetaka kuruka aruke, atakaribishwa kwenye mjadala vilevile. Mtu akishajua kilichoko mbele yake, hasira nusu inaisha. Kinachouma ni kushtukizwa, na nyinyi mlishtukizwa na waliopiga kura.

Siku ya mjadala, kipande cha kitandani kisisomwe kwa sauti. Kutaja tukio kunatosha. Kumsomea mtu mbele ya wenzake kitu alichokikwepa ni kumdhalilisha.

Na kubwa kuliko yote: usiruhusu swali la "wewe ungelala na nafsi yako?" Litaonekana la kuchekesha, kisha mtu atalazimika ama kudanganya ama kujianika. Uliza juu ya Dan. Dan hana siri ya kulinda.

Yule aliyejitoa, mpigie. Usimbembeleze arudi, mwambie tu kwamba jibu alilopewa lilikuwa la jeuri.

Mchambuzi_Mpole:
Hilo la kupiga simu ni zuri. Mimi ningetuma ujumbe nikajificha.

Mhariri_Mstaafu:
Nyongeza: mkitaka kitabu cha kufuatia, chukueni *Kindred* ya Octavia Butler, 1979. Huko nako mtu anarudi nyuma, na miili na nasaba vimefungamana, lakini Dana, mhusika mkuu, hana mkanda wa kuchagua siku. Anavutwa hadi Maryland ya enzi za utumwa, na ili ukoo wake uwepo inabidi Rufus, babu yake mmiliki wa watumwa, aendelee kuishi, pamoja na yote anayomtendea Alice, bibi wa ukoo huohuo. Humo ukatili wa kijinsia upo na hakuna raha yoyote ndani yake. Onyo nalo litolewe, tena zaidi. Ila Sindano atapata anachokidai: safari ya wakati ambayo mwenye kuilipia ni mwanamke.

Sindano_Bila_Uzi:
Mimi mwenyewe ni mwanamke, mzee wangu, na kweli nakidai. *Kindred* nimeisoma mara kadhaa. Ukiiweka baada ya Gerrold utamchukia Dan zaidi, na nadhani ni vizuri.

Kurasa_za_Mwisho:
Wakuu, nimeshaandika onyo na kulituma. Wawili wamejibu kwamba watairuka sehemu hiyo na watakuja. Nitaanza na swali la Bibi, kisha Diane, kisha kile kipande cha Neema. Aliyejitoa nimempigia, hatarudi kwa kitabu hiki, ila kaomba aambiwe kinachofuata ni kipi na kina nini ndani.

Yai_la_Mbuni, wenzangu watatu hawajafika mwisho. Wanasoma hapa.

Yai_la_Mbuni:
Sijasema kitu.